Kondoo wa Sekunde Nane: Uchawi wa Kugeuza Kwenye Gemu na Fatwa za Doha

Katika gemu ya World of Warcraft, iliyoingia sokoni mwaka 2004, mchezaji aliyechagua kuwa mchawi anaweza kumgeuza adui yake kondoo. Adui huacha kupigana, hutangatanga huku na huko kwa muda, kisha hurudi katika umbo lake. Kwa aliyezoea gemu hiyo ni jambo la kila siku. Kwa mzazi Mwislamu anayechungulia skrini ya mwanawe, linaleta maswali kwa mkupuo. Mtoto anajifunza uchawi? Anafanyia mzaha kazi ya Mwenyezi Mungu ya kuumba? Au ni mchezo tu? Akiuliza, majibu yanagongana. Ustadhi mmoja anasema haramu, hakuna mjadala. Mwingine anacheka na kusema mwacheni mtoto acheze. Mwalimu wa shule anaona hofu yote hiyo ni ushamba.

Nadhani majibu yanagongana kwa sababu kila mmoja anajibu swali lake. Liko swali la kama uchawi una uwezo wa kumgeuza mtu. Liko la kama kuigiza jambo hilo ni dhambi. Na liko la mchezo wenyewe unamfanya nini mchezaji. Ukiyachanganya matatu hayo, hakuna atakayekuelewa, hata ukiwa na elimu ya kutosha.

Mji unaotoa majibu

Doha inahusika na suala hili kuliko miji mingi. Tovuti ya IslamOnline ilianzishwa mwaka 1997 ikiwa na makao yake hapo, na nyuma yake alikuwepo Sheikh Yusuf al-Qaradawi, mwanazuoni mzaliwa wa Misri aliyehamia Qatar mwaka 1961 na kufariki Doha Septemba 2022. Tovuti nyingine, Islamweb, ni ya Wizara ya Awqaf na Mambo ya Kiislamu ya Qatar, na kwa miaka mingi imekuwa ikijibu maswali ya waumini kwa Kiarabu, Kiingereza na lugha nyingine. Maswali ya gemu yamo, na majibu kuhusu gemu zenye uchawi huelekea upande wa kukataza. Mzazi wa Likoni au Tanga anayetafuta jibu mtandaoni ana nafasi kubwa ya kuangukia fatwa iliyoandikwa Doha bila hata kujua ilikotoka.

Halafu wako Waswahili wenyewe walioko huko: walinzi wa majengo, madereva, wahudumu wa hoteli, wafanyakazi wa nyumbani, wauguzi, walimu. Kibali cha kuishi na familia Qatar kinategemea kima cha mshahara, na wengi hawakifikii. Kwa hiyo mzazi yuko mtaa wa Najma au wa Industrial Area, mtoto yuko Mombasa na simu aliyotumiwa na mzazi huyohuyo. Wale wenye familia kwenye fleti za mtaa wa Mansoura wana shida ya namna yake. Kiangazi cha Doha hupanda kupita nyuzi 45, na serikali yenyewe hupiga marufuku kazi za nje kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 9 na nusu alasiri, tangu tarehe 1 Juni hadi 15 Septemba. Mtoto hawezi kutumwa akacheze kiwanjani katika jua ambalo fundi mjenzi hatakiwi kulifanyia kazi. Anabaki ndani, na ndani kuna gemu.

Pokémon na hoja zilizochujwa na miaka

Kesi iliyo wazi kuliko zote katika eneo la Ghuba ni ya Pokémon. Mwaka 2001 wanazuoni wakuu wa Saudi Arabia waliharamisha michezo na kadi zake, na Sheikh al-Qaradawi naye akaupinga mchezo huo akiwa Doha. Sababu zilizotajwa wakati ule zilikuwa za aina tatu. Ya kwanza ni kamari: watoto walikuwa wakishindania na kuuziana kadi, na kadi adimu zilipandishwa bei. Ya pili ni alama zilizodaiwa kuwa za dini nyingine. Ya tatu ndiyo inayotuhusu: viumbe wa Pokémon hubadilika, kimoja kinakuwa kingine chenye nguvu zaidi, na hilo lilionekana kuwa ni kumpenyezea mtoto nadharia ya Darwin.

Robo karne baadaye, sababu hizo hazikuzeeka sawasawa. Ile ya alama imesahaulika. Ile ya kubadilika umbo haina uzito iliokuwa nao, kwani ni vigumu kumpata kijana aliyeacha kumwamini Muumba kwa sababu mjusi wake wa kwenye skrini aligeuka joka. Lakini ile ya kamari imezidi kupata nguvu. Gemu nyingi za leo huuza masanduku yasiyojulikana kilichomo: unalipa kwanza, unafungua baadaye, na mara nyingi unakuta takataka. Mwaka 2018 Tume ya Michezo ya Kubahatisha ya Ubelgiji, nchi isiyoongozwa na fiqhi yoyote, ilitangaza kwamba baadhi ya masanduku hayo ni kamari kinyume cha sheria. Wanazuoni wa 2001 waliliona hilo mapema, ila lilifunikwa na makelele ya hoja mbili nyingine.

Fatwa ya Saudia ilitajwa upya mwaka 2016 Pokémon GO ilipotoka. Mwaka 2025 kampuni ya Scopely, inayomilikiwa na mfuko wa uwekezaji wa dola hiyohiyo ya Saudia kupitia Savvy Games, ilinunua biashara ya gemu ya Niantic, Pokémon GO ikiwemo, kwa dola bilioni 3.5. Wapo wanaolitumia hilo kuwakejeli masheikh. Kejeli hiyo haina mashiko. Uamuzi wa mfuko wa fedha hauifuti fatwa, kama ambavyo serikali kukusanya kodi ya pombe hakuihalalishi pombe. Linaloonyeshwa na tukio hilo ni dogo zaidi, nalo linatosha: katazo la jumla, lililofunga hoja nzito na nyepesi katika kifurushi kimoja, halikuwaachia watu njia ya kuibakisha ile nzito pale nyepesi zilipoanguka.

Kondoo mwenyewe ni nini?

Kabla ya kuhukumu uchawi wa kugeuza, ni vyema kuutazama unavyofanya kazi. Katika World of Warcraft, aliyegeuzwa kondoo hawezi kupiga wala kukimbia, lakini afya yake hupanda haraka, na pigo lolote linamrudishia umbo lake papo hapo. Mchawi anaweza kushikilia kondoo mmoja tu kwa wakati. Wachezaji wanapopambana wao kwa wao, muda haukuachwa uvuke sekunde chache. Kwa miaka mingi ulikuwa nane. Ukimgeuza mtu yuleyule mara ya pili, muda ulikatwa nusu, ya tatu ukabaki robo, na baada ya hapo hakugeuka tena kwa kitambo. Katika Dota 2 kuna fimbo inayouzwa dukani kwa dhahabu ya mchezoni ambayo humfanya adui nguruwe kwa sekunde chache, muda unaotosha wenzako wamvamie. Heretic ya mwaka 1994 iligeuza maadui kuku.

Watengenezaji hawakuyachagua hayo kwa kupenda mizimu. Pambano la mmoja dhidi ya watatu halishindiki bila njia ya kumtoa mmoja uwanjani pasipo kumuua, na kila mchezaji lazima atambue kwa jicho moja nani ametolewa. Kondoo katikati ya vita haonekani kama kitu kingine chochote. Mchezaji aliyebobea hafikirii kabisa habari ya umbo. Anahesabu sekunde na kuangalia nani asije akampiga kondoo kabla ya wakati. Ukimuuliza amejifunza nini, atakueleza habari ya kupanga mashambulizi. Hajui kafara, hajui kombe, hajui jina la jini yeyote.

Wanaokataza

Wanaokataza wana hoja nzito kuliko wanavyopewa sifa. Katika Uislamu uchawi ni katika madhambi makubwa, na aya ya Harut na Marut katika Sura ya Baqara inauhusisha na ukafiri. Kugeuzwa kwa watu kuwa wanyama kumetajwa katika Qur'ani kama adhabu, katika kisa cha watu wa Sabato. Kwa hiyo kumpa mtoto kitufe cha kufanya mzaha na jambo hilo ni kumzoesha kulichukulia jepesi lile ambalo Mungu amelifanya zito. Wanaongeza kanuni ya kuziba njia za maovu: si lazima kila mchezaji awe mchawi, yatosha kwamba mlango umefunguliwa. Tena katazo lao ni fupi. Mama anayelinda lango la jengo Doha usiku kucha anaweza kumtumia mwanawe ujumbe wa sauti, «mwanangu, gemu za uchawi sitaki», na bibi aliye nyumbani akaelewa bila kujua gemu ni kitu gani.

Udhaifu unaanza pale kanuni hiyo inapotakiwa kuvishwa vitu vyote vinavyofanana. Alfu Lela Ulela, kitabu kilichosomwa na kusimuliwa pwani yote, kimejaa watu waliogeuzwa nyani, mbwa na ndege, na nyumba ngapi za kidini zimekihifadhi rafuni? Filamu za Kibongo na za Nigeria zenye misukule na watu wanaogeuka paka hutazamwa sebuleni na familia nzima, mara nyingine na ustadhi akiwemo. Ndani yake uchawi huonyeshwa unafanyika mtaani kwetu, kwa sauti ya dhati, na bibi kizee jirani ndiye mwenye kosa. Anayekataza kondoo wa skrini akayaachia hayo hajafuata kanuni yake. Ameogopa kile kigeni tu.

Liko na tatizo la ndani ya elimu yenyewe. Wanazuoni wa kale hawakukubaliana kama mchawi anaweza kubadili dhati ya kitu. Muutazila walisema sihiri ni kiinimacho na hila tupu, na al-Jassas, mwanazuoni wa Kihanafi wa karne ya 10, alielekea huko. Ibn Hazm wa Andalusia, karne ya 11, alikataa kwamba uchawi unaweza kugeuza maumbile. Fakhr al-Din al-Razi yeye aliandika kwamba Ahlu Sunna wanaona inawezekana mtu kugeuzwa punda, ila anayeumba mabadiliko hayo ni Mungu, mchawi hana lake. Imepokewa pia kutoka kwa Umar ibn al-Khattab, alipotajiwa majini wanaobadilika maumbo, maana ya kwamba hakuna awezaye kutoka katika umbo aliloumbiwa, bali majini nao wana wachawi wao. Na wachawi wa Firauni, katika Sura ya Taha, kamba zao zilionekana tu kama zinakwenda. Basi anayeshika msimamo wa al-Jassas au Ibn Hazm ana haki ya kusema kwamba gemu inaigiza jambo lisilokuwepo duniani. Hilo halitoshi kuihalalisha, lakini linaondoa dai kwamba mtoto anafundishwa uchawi halisi.

Wanaoruhusu

Upande wa pili unategemea tofauti kati ya kusimulia na kutenda. Muigizaji anayecheza nafasi ya Firauni hajakufuru. Gemu ni kisa ambacho msikilizaji amepewa nafasi ya kukiendesha. Msimamo huu unalingana na jinsi watu wanavyoishi na fasihi, na unamwachia mzazi nguvu zake kwa mambo mengine. Udhaifu wake ni kulegea kupita kiasi. Kati ya kusikia kisa na kubonyeza kitufe kipo kitu: mchezaji ndiye anayechagua, na gemu humtuza kwa kuchagua. Akimgeuza adui kondoo anapata ushindi, na ushindi una utamu. Watetezi wengi hukwepa hapo kwa kusema tu kwamba watoto wana akili.

Kweli wanayo, lakini ina mipaka iliyochunguzwa. Mwaka 1991 mwanasaikolojia Paul Harris na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watoto wa miaka minne na sita nchini Uingereza. Watoto waliambiwa wajifanye kwamba ndani ya sanduku tupu mna sungura au dubwana. Walipoulizwa, walijibu vizuri kabisa kwamba hakuna kitu, ni mchezo. Mtafiti alipotoka chumbani, wengi walikwenda kulichungulia au kuligusa sanduku. Walijua si kweli, na bado walijiuliza, «je, kama?» Tafiti za baadaye, zikiwemo za Jacqueline Woolley wa Chuo Kikuu cha Texas, zimeonyesha kwamba mtoto akikosa hakika juu ya jambo asiloliona hutegemea sana anachoambiwa na watu wazima.

Sauti ya mtu mzima

Hapo ndipo naona uzito wa suala zima ulipo. Kondoo wa kwenye gemu ni mwalimu dhaifu wa uchawi. Kila kitu kilichomzunguka kinamwambia mtoto kwamba ni mchezo: namba zinazoruka hewani, sekunde zinazohesabika, kitufe cha kuanza upya. Sauti inayomfanya aamini iko nje ya skrini. Ni ya shangazi anayesimulia kwa dhati kwamba fulani wa mtaa wa pili hugeuka paka usiku, na baba anayeitikia kwa kichwa. Mtoto wa namna hiyo anapomwona kondoo, «je, kama?» yake imeshajibiwa na watu anaowaamini.

Na imani hiyo ina gharama iliyoandikwa kwa damu. Mwaka 1995 hofu ya popobawa, kiumbe anayesemekana kubadilika umbo, ilianzia Pemba ikaenea Unguja. Watu walilala nje kwa makundi, na mjini Zanzibar umati ulimuua mtu mwenye maradhi ya akili kwa kudhani ndiye. Katika kaunti ya Kilifi wazee wameuawa kwa kosa la kuwa na mvi. Shinyanga na Mwanza, vikongwe wameuawa kwa macho yaliyokuwa mekundu kwa moshi wa jikoni. Sheria za uchawi za kikoloni, ya Kenya ya mwaka 1925 na ya Tanganyika ya mwaka 1928, hazikuyazuia. Hakuna hata moja katika mauaji hayo lililohitaji gemu.

Atakayepinga atasema: huo ni ushahidi zaidi wa kuwaweka watoto mbali na kila kinachonukia uchawi. Ningekubali kama gemu na umbea wa mtaani vingekuwa vinasema jambo moja. Havisemi. Umbea humtaja mtu, nyumba yake na ndugu zake, ukatoa sababu ya kumdhuru. Kondoo wa World of Warcraft hamtaji jirani yeyote. Tena mtoto aliyeshazoea kuona kugeuzwa umbo kama kanuni ya mchezo iliyoandikwa na mtu ofisini anaweza, kwa msaada wa mzazi, kuuliza kuhusu popobawa: nani aliyeitunga hadithi hii, na inamnufaisha nani? Sidai kwamba hilo hutokea lenyewe. Hutokea nyumba ambayo watu wazima wameacha kuitikia kwa kichwa.

Yapo nisiyoyatetea. Gemu inayomtaka mchezaji aite pepo kwa majina, achore alama za ibada, amwage damu madhabahuni au asujudie sanamu ili apate nguvu iko karibu na kile kilichokatazwa kuliko kondoo alivyo, hata kama mwishowe nayo ni picha tu. Mzazi anayekataa hiyo na kuiacha ile ya kondoo hajajipinga. Mstari upo, ila umepita mahali tofauti na pale neno «uchawi» linapouchora.

Tatizo la muulizaji

Sababu moja ya mkanganyiko haizungumzwi. Mufti hajibu gemu; anajibu maelezo aliyoandikiwa. Akiandikiwa, «kuna mchezo ambamo mtoto anafanya uchawi na kuwageuza watu wanyama», jibu linajulikana kabla halijaandikwa. Akiandikiwa kwamba kuna mchezo wa mikakati ambamo adui anazuiwa kwa sekunde chache na kuonyeshwa kwa picha ya kondoo, jibu huenda likawa jingine, na gemu ni ileile. Hivyo fatwa mbili kuhusu kitu kimoja zinaweza kugongana bila mufti yeyote kukosea.

Kwa mzazi aliye Doha na mtoto aliye mbali, katazo fupi lina mvuto, ila halitekelezeki kwa simu: bibi hawezi kutofautisha gemu na gemu, na mtoto anajua hivyo. Kinachoweza kudhibitiwa kutoka mbali ni pesa. Kadi au salio la simu linalolipia gemu ni la mzazi, na kila sanduku lisilojulikana kilichomo linapita hapo. Mipaka ya malipo, umri na mazungumzo na wageni huwekwa kwenye akaunti mara moja, popote mzazi alipo.

Anayetaka fatwa naye aandike swali linaloweza kujibiwa. Ataje jina la gemu na umri wa mtoto. Aeleze mchezaji anatakiwa kufanya nini kwa mikono yake ili ugeuzaji utokee, kama kuna ibada au majina ya kuitwa, unadumu muda gani na unaishaje. Aeleze pia kama kuna pesa halisi inayolipwa bila kujua kitakachopatikana, na mtoto anazungumza na nani akiwa anacheza. Mambo hayo hayawezi kujulikana bila kukaa na mtoto nusu saa akicheza, au, kwa aliye mbali, kumwomba awashe kamera ya simu aielekeze kwenye skrini na kueleza anachofanya. Wengi wanaouliza leo hawajaiona gemu wanayoiulizia.